Sista Aliyetembea Bila Kutumwa

Mara ya kwanza nilipomwona Sista akipita mbele ya duka langu, mkoba mgongoni na fimbo mbili mikononi, nilidhani amefukuzwa kwake. Ilikuwa Jumapili asubuhi, watu wote barabarani wamevaa za kanisa, na yeye amevaa suruali ya mifuko mingi aliyoichomeka ndani ya soksi. Nilimwacha mteja aliyekuwa akingoja chakula cha kuku, nikatoka nje nikamuuliza kama kuna shida. Akasema hakuna, anatembea tu. Nikamuuliza anaenda kwa nani. Akasema haendi kwa mtu. Basi nikamwambia aingie kwanza anywe chai, halafu nimwitie boda boda ya kijana ninayemjua imfikishe huko anakokwenda, asijali mambo ya nauli. Alicheka mpaka akashika mlango wa duka.

Kwa miaka yote tuliyojuana baada ya hapo sikuacha kumwambia kwamba kosa halikuwa langu. Hapa kwetu Eldoret mtu mzima hatembei hivi hivi. Anatembea kwa sababu ametumwa, au amekosa nauli, au anamtafuta ng'ombe aliyepotea. Asipokuwa na sababu hizo basi ni mkimbiaji, na mkimbiaji hatembei, anakupita kabla hujamaliza kumsalimia. Kwa hiyo watu walimgawana Sista kila mtu na maelezo yake. Wengine walisema pesa za ng'ambo zimeisha. Mama wa mboga, ambaye kibanda chake kinaangaliana na duka langu, alisema ni huzuni, kwamba kuna mtu amemfia huko na hataki kusema. Vijana wa stage ya boda boda ndio waliokuwa na huruma zaidi, walikuwa wanamfuata polepole nyuma, injini inaguruma, wakingoja achoke.

Tulimwita Sista kwa sababu alikuwa muuguzi, na wauguzi wa rika lake huwa wanabaki na jina hilo hata wakistaafu. Alikuwa mtu wa upande wa ziwani, alifanya kazi hapa mjini akiwa bado msichana, halafu akaenda Norwei akakaa huko miaka mingi akiwatunza wazee wa watu mpaka naye akakaribia kuwa kama wao. Ndipo akarudi, akajenga nyumba yenye veranda pana karibu na kwetu, akaanza kututia aibu kila Jumapili kwa kutembea.

Ukitaka Sista asahau kuondoka dukani, muulize kuhusu Norwei. Alisema huko Jumapili mji unabaki mtupu, baba, mama na mtoto wa mgongoni wote wamepanda mlima, wamebeba chai kwenye chupa, mkate wenye jibini ya rangi ya kahawia na chungwa moja moja. Hawaendi kuona mtu. Wanaenda kule ambako hakuna mtu, na wakikuta watu wameshafika wanahuzunika kidogo. Msitu ni wa mtu fulani, ndiyo, lakini unaruhusiwa kupita ndani yake bila kumwomba, mradi usikanyage mazao yake na usisogelee nyumba yake. Njia imechorwa rangi nyekundu kwenye mawe. Ukifuata rangi hupotei, na huhitaji kumuuliza mtu njia hata siku moja. Nilimwambia hiyo siwezi, nikikaa siku nzima bila kumuuliza mtu kitu nitaugua.

Kilichomshangaza zaidi, alisema, ni salamu. Ndani ya basi watu wale hawakusalimu hata mkikaa kiti kimoja mwaka mzima. Mlimani wanakusalimu wote, mkubwa kwa mdogo. Siku ya kwanza aliposalimiwa na mzungu asiyemjua kwenye njia ya mlimani, baada ya miezi ya kunyamaziwa mjini, aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayesalimiwa. Alipoona hakuna mtu nyuma yake, alilia kidogo. Aliniambia hayo akicheka, lakini mimi sikucheka.

Alikuwa pia amemtembelea rafiki yake, muuguzi mwenzake, huko Ujerumani, na huko hakukupenda sana. Kibao cha njia hakikuambii ni mbali kiasi gani, kinakuambia ni saa ngapi za kutembea, na ukizidisha unajiona mzembe hata kama hakuna aliyekuona. Halafu kule juu kuna hoteli, watu wanakaa wanakula keki na kunywa bia, kisha wanashuka wakiimba. Alisema Wajerumani wanafanana na sisi kidogo kwa hilo la kula. Sisi wenyewe tulikuwa tumeanza kujua neno haiki, yaani kutembea milimani kwa starehe, wakati huo, kwa sababu ya watu wa Nairobi wanaokuja Iten kwa mabasi na spika kubwa, wanapiga picha mgongo ukiangalia bonde la Kerio, wanakula nyama na kurudi. Sista akiwaona alikuwa anatikisa kichwa. Alisema wamekuja kuonyesha bonde sura zao.

Usinielewe vibaya, hakuwa malaika wa milimani. Huyu mtu aliyeweza kutembea msituni kutoka asubuhi mpaka jioni alikuwa anapanda boda boda kutoka lango lake mpaka dukani kwangu, mahali ambapo hata kuku wake walikuwa wanafika kwa miguu. Nikimuuliza, anasema kwenda dukani si kutembea, ni kutumwa na tumbo. Alihubiri ukimya wa mlimani, na akiketi kwenye gunia la dukani anamaliza habari za mtaa mzima, ndoa kwa ndoa. Na hakujua kukataa. Hilo naliweka peke yake kwa sababu ndilo lililomgharimu. Mtu akija na karatasi ya mchango, Sista anachangia. Mgeni akija bila kusema na yeye amevaa viatu tayari kutoka, anavua viatu na kuweka chai. Nadhani ni ile kazi yao, ukizoea kuitwa na kengele ya mgonjwa huwezi tena kukaa kimya ukiitwa.

Aliniomba niende naye. Aliwaomba wote, kwa kweli. Alimwomba mama wa mboga, aliwaomba wamama wa kanisani, alimwomba hata pasta, na wote walimjibu kwa adabu kwamba Mungu akijalia. Mimi nilikubali kwa sababu nilichoka kuombwa. Siku hiyo tulikwenda upande wa Sugoi, kulikuwa na kilima alichokiona akiwa barabarani na akakitamani. Tukateremka kwenye matatu, tukaanza kukata kwenye shamba lililokwisha kuvunwa mahindi, yeye mbele na fimbo zake, ramani imening'inia shingoni kwenye karatasi ya plastiki. Hatujafika katikati, mzee mmoja akatoka nyumbani kwake na panga.

Aliuliza nani ametutuma kupima shamba lake. Sista akasema hakuna aliyemtuma. Haki, hapo ndipo alipoharibu kabisa, kwa sababu mtu mwenye ramani na vijiti ndani ya shamba la mwenzake hapa kwetu, na anasema hakutumwa, huyo ndiye wa kuogopwa. Mzee akauliza nani ameuza. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na nilielewa kwamba hana hasira, ana hofu. Nikasogea mbele nikamwamkia kwa heshima zote, nikamwambia Mzee, sisi tumekuja kusalimia, huyu ni Sista wa hospitali, anapenda tu kuona vile watu wamelima. Panga likashuka. Akatuita ndani, mama wa nyumba akaleta chai na mursik, yale maziwa ya kugandisha kibuyuni, na wajukuu wakaja kupimwa homa, kwa sababu nilikuwa nimetaja hospitali.

Tulikaa pale mpaka mvua ya saa tisa ikanyesha. Sista alikuwa ameketi karibu na dirisha, anaangalia kile kilima chake, na kila akijaribu kuaga anaongezewa chai. Njiani kurudi aliniambia kwamba kwetu milima haina nafasi, watu wamejaa mpaka juu. Nikamuuliza, na huko kwenu Norwei? Akasema huko kuna nafasi tupu.

Baada ya hapo nilikwenda naye mara kadhaa, lakini tulikuwa tunachagua msitu wa Kaptagat ambako huwezi kukutana na mwenye shamba. Alikuwa na sheria moja tu ya kutembea na mtu. Ukianza kuzungumza jambo zito usigeuke kumtazama. Nikigeuka, alikuwa ananiambia, "Usiniangalie mimi, Mama Duka. Angalia njia." Mwanzoni niliona ni maringo ya ng'ambo. Sisi mtu akikueleza shida yake unamshika mkono, unamtazama usoni, unalia naye ikiwezekana. Yeye alisema ukimtazama mtu machoni anameza yale aliyotaka kusema na kukuambia kitu kingine kidogo.

Ni katika msitu huo, mimi nikiwa mbele na yeye nyuma, ndipo aliponiambia habari za binti yake. Alimwacha akiwa ndiyo kwanza anaanza kusema maneno, akamwacha kwa nyanya yake huko ziwani, akaenda Norwei kumtafutia maisha. Hilo wengi wamefanya na hakuna wa kumlaumu. Mipango ilikuwa kwamba karatasi za kuwaruhusu kuishi huko zikitoka tu, atarudi kumchukua. Nikasikia anatembea nyuma yangu, majani yanavunjika, halafu akasema karatasi zilitoka, na hakurudi. Si kwamba alizuiwa. Alikuwa ameshaanza kupanda milima kila Jumapili peke yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna mtu aliyekuwa anamwita. Akajiambia atakwenda baada ya Krismasi, kisha akajiambia baada ya baridi, na ukapita mwaka mzima.

"Sikuwa na shida yoyote huo mwaka," alisema. "Nilikuwa na furaha. Mtoto anakaa kwa lango la nyanya yake ananingoja, na mimi niko mlimani nina furaha."

Nilitaka sana kugeuka. Niliangalia njia.

Mtoto alipofika Norwei hatimaye, tayari akiwa msichana mwenye akili zake, alimwita Anti. Alikaa ndani ya ile nyumba ndogo ya Norwei kama mpangaji mwenye adabu. Sista hakujua la kufanya, akamfanyia lile moja alilolijua, akampeleka mlimani. Jumapili za mwanzo hawakusemezana. Halafu siku moja, mtoto akiwa nyuma, akaanza mwenyewe kuhadithia kuku wa nyanya yake, mmoja mmoja, yupi mkali na yupi anataga kichakani. Sista aliniambia hakuthubutu hata kukohoa. Tangu siku hiyo yote waliyokuwa nayo ya kuambiana waliambiana wakitembea. Mwenye neno alikuwa anapunguza mwendo na kubaki nyuma, na mwenzake akiona hivyo naye anapunguza, mpaka wanakuwa karibu. Hakuna aliyesema tuzungumze. Huko ndiko alikoitwa Mama mara ya kwanza.

Lakini lile la ule mwaka hakumwambia. Binti aliamini mpaka utu uzima kwamba karatasi zilichelewa, kwamba serikali za watu ndizo mbaya. Sista alisema ameshakuwa mzee na hawezi kufa na uongo huo tumboni. Binti alikuwa amebaki huko, ana kazi yake, na alikuwa ameahidi kuja kuona nyumba ya Eldoret. Akija, Sista atampeleka Iten, washuke bonde wawili peke yao, na katikati ya njia atapunguza mwendo amwambie. Alikuwa ameshaichagua hata sehemu yenyewe, mahali ambapo njia inakuwa nyembamba na lazima mmoja awe nyuma ya mwingine.

Sasa sikiliza kosa letu, maana lilikuwa kosa la mapenzi na sijui mahali pengine ambapo watu wangelifanya. Binti alipotaja siku ya kuja, Sista alifurahi kupita kiasi, akamwambia mama mmoja baada ya ibada kwamba atashuka Iten na binti yake kwa miguu. Mama mmoja tu. Jumapili iliyofuata jambo lilitangazwa madhabahuni. Kamati ikaundwa, na kamati ya kwetu ikishaundwa huwezi kuivunja. Walikodi basi. Walichapisha fulana za zambarau zilizoandikwa mgongoni KARIBU NYUMBANI BINTI YETU. Mbuzi wakatafutwa, na MC wa harusi mwenye kipaza sauti chake naye akatafutwa. Mama wa mboga, ambaye tangu nimjue hajawahi kutembea kwa miguu zaidi ya kutoka kibandani kwenda kanisani, alinunua raba mpya.

Nilimfuata Sista nyumbani nikamuuliza, yale maneno utayasema saa ngapi, na sisi wote tuko hapo? Alikuwa anaipiga pasi ile fulana. Akasema njia ni ndefu, nafasi haikosi. Nikamwambia awaambie ukweli, kwamba ni safari ya mama na mwana, wataelewa. Akaweka pasi chini.

"Nimewaomba watembee na mimi miaka yote hii, Mama Duka. Leo wamekubali. Nitawaambiaje wasije?"

Nilivaa fulana yangu kama wengine.

Binti alikuwa mrefu, mpole, mwenye mkoba mdogo na viatu vilivyotembea sana. Alipofika kwenye basi akatuona wote tumesimama na zambarau yetu tunapiga vigelegele, alimwangalia mama yake mara moja tu. Halafu akaivaa fulana juu ya jaketi lake na kutusalimia kila mtu kwa mkono, hata dereva. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu. Nilimpenda papo hapo, na wote walimpenda, hiyo ndiyo iliyokuwa shida.

Tulianza kwa maombi marefu pale juu, bonde lote liko chini yetu limejaa ukungu wa asubuhi. Halafu tukaanza kushuka tukiimba. MC alikuwa mbele anasimulia njia kama anasimulia mbio, na kila kona tunasimama kwa picha. Nilikuwa katikati, kwa hiyo niliona yote. Niliona binti anaanza kupunguza mwendo. Alipunguza kidogo kidogo, akawaacha watu wampite, mpaka akawa wa mwisho, peke yake, na mikono mifukoni. Hakuwa anahema. Nikaangalia mbele nikamwona Sista amegeuza shingo, ameona. Alipunguza mwendo naye. Nikasema moyoni, sasa.

Lakini sisi hatuachi mtu nyuma. Kijana mmoja wa kwaya alimwona binti akiwa mwisho akapiga kelele kwamba mgeni amechoka. Basi walimrudia mbio. Mmoja akamnyang'anya mkoba kwa heshima, mwingine akamkorogea glukosi kwenye chupa ya maji, mama wa mboga akavua kitenge na kumpepea. Binti anasema niko sawa, asanteni, niko sawa. Nani atamwamini? Walisema ni hewa ya huku, ni magari ya ulaya yamemlegeza miguu, pole sana mama. Na huko mbele MC akasema kwa kipaza sauti chake, mama mwenye shughuli yuko wapi, mama mwenye shughuli hakai nyuma, na wamama wawili wakamshika Sista mkono huku na huku wakampeleka mbele wakiimba. Aligeuka tena mara moja. Ningependa kusema alijikwamua mikononi mwao, hata kwa ukali, hata kwa aibu. Alikwenda alikopelekwa.

Njia ilipokutana na barabara, pikapu iliyobeba sufuria ilikuwa inapita. Binti alikataa kwa adabu, akakataa tena, halafu akapandishwa kiti cha mbele na kufungiwa mkanda. Ile sehemu nyembamba, mahali pa mmoja nyuma ya mwingine, tuliipita sote kwenye mstari mmoja mrefu wa zambarau tukiimba, na yeye hakuwepo. Tulipofika chini tulimkuta ameshaketishwa meza kuu chini ya hema, soda mbele yake, anatupungia mkono. Sista aliomba juu ya chakula. Aliomba vizuri, lakini sauti yake haikuwa ile tuliyoizoea.

Siku zilizobaki nyumba haikukosa wageni. Mtu ametoka ng'ambo, ni lazima aonwe, na kila aliyekuja alikuja na kuku au na sukari na akakaa mpaka chakula kikapikwa. Watu walikuja kutoka hata Turbo. Siku ya kuondoka tulimsindikiza uwanja wa ndege, kanisa zima tena, na maombi yakafanywa pale pale mlangoni, wasafiri wengine wakingoja kupita. Baadaye nilikaa na Sista kwenye veranda, nikamuuliza binti alisema nini wakiagana.

"Alinikumbatia," akasema. "Akaniambia, Mama, una watu wengi wazuri. Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza."

Alingojea binti aje tena. Alisema safari nyingine hatamwambia mtu, watatoka kwa mlango wa nyuma kama wezi. Lakini nyonga ilimtangulia. Ilianza kama kuchechemea, akasema ni viatu. Mwishowe daktari alimwambia ngazi tatu za veranda zinamtosha. Kanisa likaja kumwona, likaja na kiti kizuri chenye mto, na watu waliokuwa wakimcheka kwa kutembea wakawa wanamshauri afanye mazoezi.

Mwezi uliopita nilifunga duka mapema Jumapili nikaenda kumsalimia. Nilimkuta kwenye kile kiti, simu iko mezani mbele yake imelala chali, na inatoa sauti ya ajabu. Nilipofungua mdomo kusema hodi aliinua kidole. Nikaketi. Zilikuwa hatua. Viatu vya mtu juu ya changarawe, pumzi yake, na mahali fulani maji yanashuka kwenye mawe. Hakuna aliyekuwa anazungumza. Sista alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa makini, na kila hatua zikienda haraka na yeye vidole vyake vinakwenda haraka juu ya goti.

Alibonyeza simu ili tusisikike, akaniambia ni binti. Kila Jumapili akipanda anampigia, anaweka simu kwenye mfuko wa kifuani, wanatembea. Wakati mwingine wanaongea, mara nyingi hapana. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama sasa ameshamwambia lile jambo.

"Nilianza," akasema. "Wiki tatu zimepita. Nilisema tu, kuna kitu kuhusu zile karatasi zako. Mara nikasikia amesimama. Akatafuta jiwe akakaa, akasema, sema Mama, nakusikiliza."

"Si hiyo ndiyo nafasi uliyoitaka?"

"Alikuwa amekaa, Mama Duka. Amekaa ananiangalia. Niliona macho yake ndani ya hiyo simu kama nakuona wewe."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamuuliza kama amekula."

Nilimshika mkono, maana mimi sijui njia nyingine, na hakunikataza. Alikuwa analia bila sauti. Hatua ziliendelea pale mezani, zikapita kwenye kitu chenye matope, zikapanda, zikapungua. Zikazidi kupungua mpaka nikadhani mtandao unakatika. Halafu sauti ya binti ikatoka, polepole, kwa kile Kiswahili chake cha taratibu, ikauliza kama Mama bado yupo.

Sista alifuta uso kwa kiganja, akabonyeza simu, akaisogelea mpaka midomo ikakaribia kuigusa.

"Niko," akasema. "Niko nyuma yako. Wewe enda tu."